«Jembe Analo Nyumbani»

Kuna lalamiko moja ambalo sisi walimu wa misioni hulisikia kila mwaka, masomo yakianza. Wazazi hutuambia: «Mtoto wangu nilimtuma kushika kalamu. Jembe analo nyumbani.»

Tusiseme upesi kwamba neno hilo ni neno la wavivu. Mzazi anayelisema ameamka kabla ya jogoo, amelima mihogo na maharage, ameuza debe la unga ili apate minervali ya mtoto wake. Yeye haogopi kazi. Anakumbuka tu yale aliyoyaona. Anakumbuka shamba la shule ambalo wanafunzi walilipalilia na mavuno yake hawakuyaonja. Anakumbuka salongo, watu wakifyeka majani barabarani kwa sababu mkubwa anapita. Tena anaona hata leo kwamba katika mashule mengi jembe ni jina lingine la adhabu: mtoto akichelewa, apewe jembe, akizungumza darasani, apewe ufagio. Mtoto aliyelelewa hivyo atawezaje kuiheshimu kazi ya mikono? Atafikiri kwamba wenye makosa hulima, na wenye akili huketi bilo.

Basi swali ni hili: kazi ya mikono shuleni ni heshima ama ni mzigo? Ili tulijibu, leo tunapenda kuwapeleka mbali, katika chuo kimoja cha mashambani kule Marekani, ambacho kimeshindana na swali hilo kwa zaidi ya miaka 165. Si chuo cha Kikatoliki. Kilianzishwa na ndugu zetu Waprotestanti. Lakini habari yake yafaa kusomwa katika kila jamaa ya Kikristo. Jina lake ni Berea.

ASILI YA CHUO

Mji mdogo wa Berea uko katika jimbo la Kentucky, mahali ambapo nchi ya malisho inakoma na vilima vya kwanza vya milima ya Appalachia vinaanza. Katika milima ile wamekaa tangu zamani Wazungu wengi maskini, wakulima wa mashamba madogo na wachimbaji wa makaa ya mawe. Twalitaja jambo hili mapema, kwa maana wako watu wanaodhani kwamba kule Marekani hakuna Mzungu asiye na kitu.

Kentucky ilikuwa nchi ya utumwa mpaka Desemba 1865. Humo alizaliwa John Gregg Fee, mwaka 1816, mwana wa mtu mwenye watumwa. Alisoma teolojia kule Cincinnati, ng'ambo ya mto Ohio, na huko akasadiki kwamba mtu hawezi kumpenda Mungu na papo hapo kummiliki mwenziwe kama ng'ombe. Akarudi kwao, akahubiri hivyo. Tena hakuhubiri kwa mdomo tu: alimnunua kwa baba yake mzazi mwanamke mtumwa, jina lake Julett Miles, kusudi amwache huru. Baba yake akakasirika, akamnyima urithi.

Tajiri mmoja wa nchi ile, Cassius Clay, aliyeuchukia utumwa vilevile, akampa Fee shamba la eka 10. Hapo Fee akajenga nyumba yake, na mwaka 1855 shule ya chumba kimoja ikafunguliwa. Jina la Berea alilitoa katika Matendo ya Mitume, sura ya 17. Berea ni mji ule ambao watu wake walimpokea Mtakatifu Paulo kwa moyo mwema, wakayachungua Maandiko kila siku ili waone kama maneno yake yalikuwa ya kweli. Katika sura hiyohiyo Paulo anawafundisha watu wa Athene kwamba Mungu aliyaumba mataifa yote kwa damu moja. Fundisho hilo la damu moja ndilo chuo kililolichagua kuwa wito wake, na linasomeka katika alama yake hata leo.

Mwaka 1859 Fee na wenzake waliandika kanuni za chuo. Waliandika kwamba chuo kitapinga utumwa na ubaguzi wa watu, na kwamba hakitafungwa na dhehebu moja. Waliandika kwamba kitawapokea wote wenye mwenendo mwema, kwa gharama ndogo iwezekanavyo. Waliandika pia kwamba wanafunzi watafanyiwa njia ya kupata kazi za mikono. Angalieni vizuri, wasomaji: usawa wa watu na kazi ya mikono viliwekwa pamoja tangu mwanzo, katika karatasi moja.

Karatasi ile haijakauka wino, taabu ikaanza. Mwezi wa Oktoba mwaka uleule, John Brown alijaribu kuwaamsha watumwa kwa silaha kule Harpers Ferry, katika jimbo la Virginia. Hofu ikawashika wenye watumwa wote. Mwezi wa Desemba watu karibu 60 wenye silaha walifika Berea juu ya farasi, wakawapa Fee na wenzake siku 10 waiondoke nchi. Wakaondoka na wake zao na watoto wao wakati wa baridi kali, wakavuka mto kwenda Ohio.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaja, toka 1861 mpaka 1865. Katika wakati huo Fee alikaa Camp Nelson, kambi ya askari kule Kentucky, akiwafundisha kusoma watu weusi walioingia jeshini ili wapate uhuru wao. Vita vilipokwisha alirudi Berea. Katika mwaka wa masomo ulioanza 1866 chuo kilikuwa na wanafunzi 187: weusi 96 na Wazungu 91. Watoto wa watumwa wa jana na watoto wa Wazungu wa milimani waliketi katika benchi moja, mahali ambapo mwaka mmoja tu uliopita mtu mweusi aliweza kuuzwa. Julia Britton, binti mweusi aliyesoma hapo, alifundisha muziki, hata kwa wanafunzi Wazungu.

KAZI ILIINGIAJE?

Haikuingia kwa sababu ya falsafa. Iliingia kwa sababu ya umaskini. Wengi wa wanafunzi wale, weusi kwa weupe, hawakuwa na kitu cha kulipa. Wengine walipasua kuni, wengine walifua nguo, wengine walipika. Mwaka 1871 shamba la chuo likaanza, na baadaye viwanda vidogo vya matofali, vya useremala na vya kuchapa vitabu. Tangu 1892, chini ya mkuu wake William Goodell Frost, chuo kikaacha kutoza ada ya masomo. Mpaka leo mwanafunzi wa Berea hatozwi ada ya masomo.

Mfano mmoja wa tunda lake ni Carter G. Woodson. Alizaliwa mwaka 1875 katika jimbo la Virginia, na wazazi wake walikuwa watumwa zamani. Katika ujana wake alichimba makaa ya mawe, kwa hiyo alichelewa kuingia masomo makubwa. Mwaka 1903 alipata shahada yake Berea, na mwaka 1912 akawa daktari wa historia katika Chuo Kikuu cha Harvard. Ndiye aliyeanzisha mwaka 1926 juma la historia ya watu weusi, ambalo baadaye lilikuwa mwezi mzima na linaadhimishwa Marekani kila Februari.

SHERIA ILIYOVUNJA BENCHI

Woodson aliondoka Berea na shahada yake mwaka 1903. Kama angalichelewa mwaka mmoja, mlango ungalikuwa umefungwa. Mwaka 1904 Carl Day, mjumbe wa baraza la Kentucky, alileta sheria ya kukataza Wazungu na watu weusi wasisome pamoja. Shule itakayokaidi italipa dola 1,000. Chuo kikitaka kufungua tawi mbalimbali kwa kila rangi, matawi hayo yatengane kwa maili 25. Shule nyingine za Kentucky zilikuwa zimekwisha kutengana. Sheria hii ililengwa kwa Berea.

Chuo kilikwenda kortini. Kesi ilipanda mpaka Korti Kuu ya Marekani, na mwaka 1908 korti ikaamua kwamba sheria ya Kentucky isimame. Jaji John Marshall Harlan, mwenyewe mzaliwa wa Kentucky, aliukataa uamuzi huo, lakini wenzake walimshinda kwa wingi. Berea ikawatafutia wanafunzi weusi nafasi mahali pengine, ikakusanya pesa ili ijengwe shule kwa ajili yao karibu na mji wa Louisville. Shule hiyo, Lincoln Institute, ilifunguliwa mwaka 1912. Berea yenyewe ikawa ya Wazungu mpaka mwaka 1950, sheria ilipolegezwa.

Ni haki tuseme kweli yote. Hata kabla ya sheria ile, mkuu Frost alikuwa ameanza kuwaelekea zaidi Wazungu wa milimani, na watu weusi walioipenda Berea walimlaumu. Kwa miaka 46 kazi ya mikono iliendelea vizuri: ng'ombe walikamuliwa, matofali yalichomwa, mafagio yalifungwa. Lakini nusu ya wito ilikuwa imeng'olewa. Kazi bila usawa haikutosha kuwafanya watu ndugu.

KANISA LA MATOFALI NA JINA LILILOFIKA KWETU

Kanisa la zamani la chuo liliteketea kwa moto mwaka 1902. Bibi mmoja tajiri, Olivia Phelps Stokes, akatoa pesa za kujenga jipya, akataka lijengwe na wanafunzi wenyewe. Matofali yalifyatuliwa na kuchomwa na wanafunzi, mbao zilipasuliwa na wanafunzi, ukuta ulisimamishwa na wanafunzi. Kanisa lilimalizika mwaka 1906, nalo linasimama hata leo, likiitwa kwa jina la Phelps Stokes.

Jina hilo lilifika mpaka Congo. Dada yake Olivia, Caroline Phelps Stokes, aliacha mali yake kwa ajili ya elimu ya watu weusi, na kutokana na mali hiyo Hazina ya Phelps-Stokes ilianza mwaka 1911. Katika miaka ya 1920 na 1921 Hazina hiyo ilituma tume kuzitazama shule za Afrika, na Congo ya Wabeljiji ilikuwa mojawapo ya nchi zilizotazamwa. Mkuu wa tume alikuwa Thomas Jesse Jones, na katika wenzake alikuwamo Mwafrika mmoja mwenye elimu kubwa, James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, yaani Ghana ya leo. Shauri lao lilikuwa kwamba shule za Waafrika zifundishe zaidi kilimo, usafi, na kazi za mikono.

Shauri hilo lilikuwa na mema ndani yake. Hata hivyo Carter Woodson, yule mchimba makaa aliyesoma Berea, alimpinga Bwana Jones waziwazi. Je, Woodson alidharau kazi ya mikono? La, mikono yake ilikuwa na sugu. Aliloliona ni hatari hii: mtoto wa mtu mweusi apewe jembe ili abaki na jembe, na mtoto wa Mzungu apewe kalamu ili abaki na kalamu. Jembe la namna hiyo ni kamba ya kumfunga mtu mahali pake. Sisi wa Congo twalijua jambo hilo. Kazi za mikono zilikuwa na nafasi kubwa katika mashule ya wakati wa Wabeljiji, lakini chuo kikuu cha kwanza nchini, Lovanium, kilianza mwaka 1954 tu.

Hapo ndipo penye siri ya swali letu. Jembe ni lilelile, na shamba ni lilelile. Tofauti inaonekana tukiuliza: ni nani analishika, na mlango gani unafunguka mbele yake akilitua?

MAISHA YA KILA SIKU

Sasa tuingie chuoni, tutazame jinsi watu wanavyoishi humo siku hizi. Wanafunzi ni kama 1,500. Kwa chuo cha Marekani hiyo ni hesabu ndogo. Sharti la kwanza la kuingia litawashangaza wengi: pamoja na akili na bidii, mtu awe wa jamaa isiyo na uwezo wa kulipa. Wengi hutoka Kentucky na milima ya Appalachia. Wengine hutoka katika majimbo mengine na katika nchi nyingi za dunia, hata za Afrika. Wamo weusi, weupe, na watu wa kila kabila, kama Fee alivyotaka.

Kila mwanafunzi ana kazi, pasipo kubagua. Hufanya kazi muda wa saa 10 kwa juma, au zaidi, na papo hapo hufuata masomo yake yote. Hakuna awezaye kununua ruhusa ya kutofanya kazi. Mwaka wa kwanza chuo ndicho humpangia mtu mahali. Baadaye aweza kuomba kazi inayompendeza au inayofuatana na masomo yake. Hupewa mshahara kwa saa. Mshahara huo ni mdogo mwanzoni, nao huongezeka kadiri anavyopewa madaraka.

Kazi zenyewe ni za namna nyingi. Kuna shamba lenye ng'ombe, nguruwe, na bustani za mboga. Kuna msitu mkubwa, wenye eka zaidi ya 8,000, ambamo magogo huvutwa na farasi ili ardhi isiharibiwe na magari mazito. Kuna hoteli iitwayo Boone Tavern, iliyofunguliwa mwaka 1909, ambamo wanafunzi huwapokea wageni na kuwaandalia meza. Kuna vyumba vya ufumaji na vya useremala. Wengine huosha vyombo, wengine hufagia madarasa, wengine hutunza vitabu, wengine hutengeneza kompyuta, wengine huwasaidia wenzao walio wazito katika hesabu.

Kazi moja yenye sifa ya pekee ni ile ya mafagio. Tangu mwaka 1920 wanafunzi wa Berea hufunga mafagio kwa mkono. Hutumia mashuke ya mtama wa namna moja ambao haulimwi kwa chakula, ila kwa ajili ya nyuzi zake ndefu. Huyachagua, huyaloweka, huyafunga katika mti kwa uzi mgumu, kisha huyashona na kuyakata sawasawa. Mafagio hayo huuzwa mbali, na watu huyanunua kama kitu cha thamani. Mwenye kuyafunga huenda akawa mwanafunzi wa fizikia au wa falsafa.

Kila mahali pa kazi pana msimamizi, na kazi ni somo kamili. Msimamizi humfundisha mwanafunzi, humrekebisha, na mwishoni humpa alama. Siku ya kuhitimu mwanafunzi huondoka na karatasi mbili: moja inaonyesha alama za masomo yake, nyingine inaonyesha kazi alizozifanya na jinsi alivyozifanya. Bwana akitafuta mtu wa kuandika kazini, huzisoma zote mbili.

Lakini mtu asidanganyike. Mafagio na nguruwe havilipi gharama zote za chuo. Zinalipwa hasa na akiba kubwa iliyokusanywa kwa sadaka za watu wengi tangu zamani. Mwaka 1920 wakuu wa chuo waliamua kwamba kila urithi ulioachwa na marehemu bila sharti utawekwa katika akiba, na faida yake tu itatumiwa. Kwa uvumilivu huo akiba imepita dola bilioni moja. Twasema hivi ili mkuu wa shule yeyote asiwaze kwamba jasho la watoto laweza kushika mahali pa wajibu wa watu wazima. Serikali, Kanisa na wazazi wabaki na mzigo wao. Mtoto achukue sehemu yake ndogo.

FUNDISHO KWETU

Wasomaji wapenzi, shule zetu hazina mabilioni. Lakini yako mambo ya Berea ambayo hayahitaji dola hata moja.

La kwanza, wote wafanye kazi. Katika shule nyingi mtoto wa mkubwa huketi kivulini na mtoto wa mjane hulima. Mahali pengine wavulana hucheza mpira, na wasichana huchota maji ya nyumba ya mwalimu na kumpikia sombe. Tuseme wazi: hayo si malezi. Binti hakutumwa shuleni kuwa mtumishi wa mtu. Kama kuna maji ya kuchota kwa ajili ya shule, zamu iandikwe ubaoni, na majina ya wavulana na wasichana yafuatane.

La pili, kazi isiwe adhabu. Mwalimu anayemwadhibu mtoto kwa jembe anawafundisha darasa zima kwamba baba na mama zao, wanaolima kila siku, wanaishi katika adhabu. Je, kuna tusi kubwa kuliko hilo? Makosa yana dawa zake nyingine. Jembe libaki na heshima yake.

La tatu, kazi ifundishwe na kupewa alama. Mara ngapi tumewaambia watoto «nendeni shambani», sisi tukabaki ofisini? Kupanda maharage kwa mstari, kuchoma matofali yasipasuke, kutunza mbuzi wasiugue: hayo ni maarifa. Yana sababu zake, na sababu hizo ndizo sayansi. Mwalimu na aende shambani pamoja na daftari lake, aandike nani alifanya vizuri, na wazazi wayasome hayo pamoja na alama za hesabu na Kifaransa.

La nne, mavuno yaonekane. Magunia mangapi yalitoka? Yaliuzwa kwa franka ngapi? Pesa zilinunua nini? Karatasi ya hesabu hiyo ibandikwe mlangoni mwa shule. Mtoto anayeona kwamba maharage aliyoyapanda yamenunua chaki, au yamelipa minervali ya mwenzake yatima, amejifunza mengi kuhusu upendo wa jirani. Tangu mwaka 1969? Hapana, hatuhitaji kurudi mbali: tangu 2019 serikali ya Congo ilitangaza kwamba shule zake za msingi ni za bure, lakini katika masomo ya juu yake wapo bado watoto wanaorudishwa nyumbani kwa kukosa pesa. Shamba dogo, likitunzwa kwa haki, laweza kumrudisha darasani mmoja au wawili.

La tano, kazi isiibe masomo. Saa 10 kwa juma ni za kijana mkubwa wa chuo kikuu. Mtoto wa shule ya msingi apewe kazi ya kiasi chake, na kengele ya darasa ikilia, majembe yawekwe ghalani. Tukivunja kanuni hii, wazazi watakuwa na haki ya kutulaumu, nasi hatutakuwa na la kujibu.

MTUME FUNDI WA MAHEMA

Tumesema kwamba jina la Berea na fundisho la damu moja vyote viwili vyatoka katika sura ya 17 ya Matendo ya Mitume. Mkifungua sura ya 18 mtamkuta Mtakatifu Paulo huyohuyo, mwenye elimu kubwa ya Sheria, mgeni katika mji wa Korintho. Anafanya nini huko? Anakaa katika nyumba ya Akila na Prisila, anashona mahema pamoja nao, kwa kuwa ufundi wao ulikuwa mmoja. Siku ya Sabato anahubiri. Siku za kazi anashika sindano. Hatusomi kwamba aliona haya.

Kanisa limetufundisha jambo lilelile katika siku zetu. Mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pio wa 12 aliweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, tarehe 1 Mei. Mwaka 1981 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa 2, katika barua yake juu ya kazi, alifundisha kwamba thamani ya kazi haitokani kwanza na namna ya kazi yenyewe, bali na mtu anayeifanya, kwa maana yeye ni mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Ndiyo maana kazi inayomdharau mtu ni mbaya, hata kama ni ya ofisini. Na kazi inayomheshimu mtu ni njema, hata kama ni ya kufagia.

Wanafunzi wetu, kwenu tuna neno moja. Mkipata kitabu, msiuonee haya mkono uliokinunua. Mtu aliyesoma kisha akasahau kushika jembe amepunguza akili yake. Lakini pia msikubali kuambiwa kwamba jembe linawatosha. Someni mpaka mwisho wa nguvu zenu.

Na ninyi wazazi, mnaposema «jembe analo nyumbani», mnasema kweli. Lakini jioni hii, mkiisha kula bukari, waulizeni watoto wenu: shamba la shule linalimwa na nani? Mavuno yake yanakwenda wapi? Jembe linatolewa kwa wote, ama kwa wenye makosa tu? Majibu yao yapelekeni kwa upole katika mkutano wa kamati ya wazazi, mkae na walimu, mtengeneze pamoja palipopotoka.

Mtakatifu Yosefu, mlinzi wa wafanyakazi, awaombee ninyi na nyumba zenu.